Daktari Aliyetetemeka Mikono: Siku za Kwanza za Kuacha Pombe

Huenda umefungua ukurasa huu kwa sababu umeamua kuacha pombe. Huenda si wewe, ni mume wako, kaka yako au mama yako. Labda unaishi Kibeta, pale Bukoba mjini, au uko kijijini Muleba, ambako rubisi haikosekani kwenye sherehe na gongo haiko mbali. Unajua asubuhi mikono inavyotetemeka hadi chai inamwagika. Unajua pia kwamba ukizimua kidogo, mikono inatulia. Ndiyo maana siku za kwanza za kuacha ni ngumu kuliko anavyodhani mtu ambaye hajawahi kuzipitia.

Tutakueleza siku hizo kupitia maisha ya mtu mmoja, Dk. Robert Smith wa Marekani, ambaye wengi duniani wanamfahamu kama Dk. Bob. Alikuwa daktari wa upasuaji, na alikuwa mlevi.

Soma hili kwanza. Kama unakunywa sana kila siku, kama hutetemeka au hutoka jasho usipokunywa, au kama uliwahi kupata kifafa ulipoacha, usiache ghafla ukiwa peke yako. Nenda kituo cha afya kwanza.

Kijana aliyeweza kunywa kuliko wenzake

Robert Smith alizaliwa tarehe 8 Agosti 1879 katika mji mdogo wa St. Johnsbury, jimbo la Vermont. Alipofika chuo kikuu alianza kunywa, na alisifiwa kwa sababu alikunywa sana bila kuamka na maumivu ya kichwa. Pengine na wewe uliwahi kusifiwa hivyo. Kitaalamu, mtu anayehimili pombe nyingi haimaanishi ana nguvu. Mara nyingi ni dalili kwamba mwili umeanza kuizoea.

Alipoingia masomo ya udaktari, pombe ilikuwa tayari inamharibia. Alipitwa na mitihani na alilazimika kuhama chuo. Hata hivyo alihitimu mwaka 1910, akaenda kufanya kazi katika mji wa Akron, jimbo la Ohio. Mwaka 1915 alimwoa Anne, na wakalea watoto wawili.

Mwaka 1920 Marekani ilipiga marufuku pombe nchi nzima. Dk. Bob alidhani sheria hiyo ingemsaidia kuacha. Haikumsaidia. Madaktari waliruhusiwa kupata pombe kwa ajili ya tiba, na wauzaji wa magendo walikuwepo. Alificha chupa kila mahali nyumbani. Mchana alitumia dawa za kutuliza ili mikono isitetemeke kazini, na jioni alikunywa. Alilazwa zaidi ya mara kumi ili aache, na kila mara alirudia. Wagonjwa wakapungua, madeni yakaongezeka, na mke wake akaishi kwa hofu.

Kumbuka kwamba huyu mtu alikuwa na elimu ya mwili wa binadamu. Alijua ini ni nini na pombe inalifanya nini. Kwa hiyo ukijilaumu kwamba huna akili au huna msimamo, jipe nafuu kidogo. Kujua hakutoshi.

Mgeni aliyekaa naye

Tarehe 12 Mei 1935 Dk. Bob alikutanishwa na mgeni kutoka New York aliyeitwa Bill Wilson. Bill naye alikuwa mlevi, ila alikuwa hajaonja pombe kwa miezi mitano hivi. Biashara iliyompeleka Akron ilikuwa imeharibika, na alihisi kwamba asipozungumza na mlevi mwingine, angeingia baa.

Dk. Bob alikubali kumsikiliza kwa dakika 15 tu. Walizungumza kwa saa nyingi, hadi usiku. Bill hakumhubiria. Alimsimulia mambo yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza daktari alimsikia mtu anayeielewa hali yake kwa kuwa aliipitia. Baadaye Bill alihamia nyumbani kwa akina Smith.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Wiki chache baadaye Dk. Bob alisafiri kwenda mkutano wa madaktari katika mji wa Atlantic City. Njiani alianza kunywa. Alipotea kwa siku kadhaa, akarudi akiwa hoi.

Ikiwa umewahi kuacha wiki tatu halafu ukarudia, jua kwamba haya yalimpata hata yeye. Kurudia hakuna maana kwamba umeshindwa kabisa. Ila kuna jambo la kiafya la kuzingatia: mtu anayeacha na kurudia mara nyingi anaweza kupata dalili kali zaidi kila anapoacha tena. Mwambie mhudumu wa afya umeshajaribu mara ngapi na nini kilitokea.

Asubuhi ya upasuaji

Dk. Bob aliporudi alikuwa na mgonjwa wa kumfanyia upasuaji siku chache tu mbele. Bill na Anne walikaa naye mchana na usiku. Walimpa juisi ya nyanya, kabichi iliyochachushwa na sharubati tamu ya mahindi, wakiamini vingempa nguvu. Hawakumwacha peke yake.

Asubuhi ya upasuaji mikono yake bado ilitetemeka. Bill akampa chupa moja ya bia ili aweze kushika kisu. Dk. Bob akaingia hospitalini na kuifanya kazi. Baada ya hapo hakurudi nyumbani kwa saa kadhaa, na familia ikaogopa kwamba ameenda kunywa. Kumbe alikuwa akiwatembelea watu aliowakosea na wale aliokuwa akiwakwepa, ili kuyarekebisha. Kundi la Alcoholics Anonymous, ambalo yeye na Bill ndio walilianzisha, huhesabu siku ile, tarehe 10 Juni 1935, kuwa siku lilipozaliwa. Dk. Bob hakunywa tena mpaka kufa kwake.

Kwa nini bia ile ilituliza mikono? Pombe hupunguza kasi ya ubongo. Ukinywa kila siku, ubongo nao huongeza nguvu ili kupambana na uzito huo. Fikiria mtu anayesukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi kupanda mlima. Akiwa amekaza mwili wote, mzigo ukiondoka ghafla, anaanguka mbele. Ndivyo ubongo unavyofanya pombe inapokatika ghafla. Vijana huiita hali hiyo arosto.

Usiige ile bia ya Bill ukaiita tiba. Mwaka 1935 hawakuwa na njia bora. Leo hospitalini kuna dawa kama diazepamu, ambazo hutuliza ubongo na kuzuia kifafa, kisha hupunguzwa kidogo kidogo kwa siku chache. Hutolewa na mhudumu wa afya peke yake. Usizinunue dukani, kwani zikichanganywa na pombe zinaweza kuzuia pumzi. Na kama bado hujafika kituo cha afya na mwili umeanza kutetemeka vibaya, ni salama zaidi kupunguza kidogo kidogo kuliko kukata ghafla, huku ukifanya mpango wa kufika hospitali mapema iwezekanavyo.

Siku zako za kwanza zitakuwaje

Si kila mtu hupitia yote haya. Lakini mpangilio wa kawaida ni huu:

- Masaa 6 hadi 12 baada ya kunywa mara ya mwisho: kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kichefuchefu, wasiwasi, kukosa usingizi.
- Masaa 12 hadi 48: dalili huongezeka. Kifafa mara nyingi hutokea katika kipindi hiki. Wengine husikia sauti au huona vitu ambavyo havipo.
- Siku ya 2 hadi ya 4: wachache hupata hali ya hatari zaidi, yaani kuchanganyikiwa, kuweweseka, homa, na kutotambua walipo. Hali hii inaweza kuua isipotibiwa.
- Siku ya 5 hadi ya 7: kwa wengi mwili huanza kutulia. Usingizi na furaha huchelewa kurudi.

Mtu akianguka kifafa, akiona vitu visivyokuwepo au akichanganyikiwa, familia nyingi hudhani amerogwa au amepandwa na mapepo. Tafadhali msipoteze muda. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Bukoba kuna hospitali ya rufaa ya mkoa. Muleba kuna Rubya, Kagondo na Ndolage. Wakati wa kifafa mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu naye, na msimtie kitu chochote mdomoni.

Mwambieni daktari ukweli kuhusu kiasi alichokuwa akinywa, hata kama ni gongo. Mtu anayekunywa sana huwa na upungufu wa vitamini B1, na upungufu huo unaweza kuharibu kumbukumbu moja kwa moja. Daktari akijua, atampa vitamini hiyo mapema.

Kwa yule ambaye mhudumu wa afya amesema anaweza kuachia nyumbani: maji mara kwa mara, uji, supu, ndizi na maharage kidogo kidogo, chumba chenye utulivu, na mtu mzima asiyekunywa wa kukaa naye usiku na mchana. Ondoeni pombe yote ndani ya nyumba.

Chumba cha kupangia maua

Dk. Bob hakuishia kujiponya. Siku chache baada ya kuacha, yeye na Bill walimtembelea hospitalini wakili mmoja ambaye ulevi ulimfanya awapige wauguzi hadi akafungwa kitandani. Mtu huyo naye akaacha.

Zamani zile hospitali hazikupenda kuwalaza walevi. Huko Akron, katika hospitali ya Mtakatifu Thomas, Sista Ignatia, mtawa Mkatoliki mzaliwa wa Ireland, alikubaliana na Dk. Bob kuwalaza. Mwezi Agosti 1939 alimwandikisha mgonjwa wa kwanza kuwa ana tatizo la tumbo, akamweka katika chumba kidogo kilichotumika kupangia maua. Baadaye walipata wodi. Wagonjwa walikaa siku chache, kahawa ilikuwa tayari wakati wote, na walioacha kabla yao walikuja kuwatembelea. Dk. Bob aliwahudumia zaidi ya watu 5,000 bila kuwatoza malipo.

Sisi watu wa Kagera tunajua maana ya kumpokea mgeni kwa kahawa ya kutafuna. Ndugu yako akiwa anaacha pombe, nenda kamtembelee, mpelekee chakula au kahawa badala ya rubisi. Kahawa isizidi, maana huongeza kutetemeka na kuzuia usingizi. Kinachomsaidia zaidi ni wewe kukaa hapo.

Hamu haikuisha haraka

Dk. Bob aliendelea kutamani pombe kwa karibu miaka miwili na nusu baada ya ile siku ya Juni. Tunakueleza hili ili usishtuke. Arosto ya mwili huisha ndani ya siku kadhaa, ila hamu inaweza kubaki muda mrefu, na kuwepo kwake si dalili kwamba hujapona. Alikuwa akitamani, na hakunywa.

Anne alifariki mwaka 1949. Dk. Bob alifariki kwa saratani tarehe 16 Novemba 1950, akiwa na umri wa miaka 71. Miaka 15 ya mwisho aliishi bila pombe.

Wewe huna haja ya kuifikiria miaka 15 leo. Fanya mambo mawili kabla ya kulala: mwambie mtu mmoja unayemwamini kwamba unataka kuacha, na mkubaliane ni saa ngapi kesho atakusindikiza kituo cha afya.