Ken Uston: aliyefukuzwa mezani kwa kujua kuhesabu

TAREHE 30 Januari 1979, katika mji wa Atlantic City ulio pwani ya mashariki ya Marekani, kasino ya Resorts International ilimpiga marufuku mteja mmoja asicheze tena kwenye meza zake za ishirini na moja. Mteja huyo hakuwa ameficha karata kwenye mkono wa shati. Hakuwa amemhonga mgawaji, wala hakudaiwa. Kosa lake lilikuwa kwamba alihesabu karata kichwani, na kwa kuhesabu alikuwa akishinda.

Huyo ndiye Ken Uston. Alifariki mwaka 1987, kabla kasino hazijaingia kwenye intaneti, lakini kila mchezaji anayefungiwa akaunti hii leo kwa sababu ameshinda mno anaurudia ugomvi ule ule, pengine bila hata kulisikia jina lake.

Alizaliwa New York mwaka 1935. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mhamiaji kutoka Japani na mama yake mzaliwa wa Austria. Akaitwa Kenneth Senzo Usui, na baadaye Usui ikawa Uston. Sisi tuliokulia ugenini hilo halitushangazi, tunajua majina hubadilika njiani. Kijana alikuwa na kichwa chepesi. Aliingia Chuo Kikuu cha Yale akiwa na miaka 16, kisha akachukua shahada ya biashara Harvard. Baada ya kazi kadhaa akapanda hadi kuwa makamu mwandamizi wa rais katika Soko la Hisa la Pacific, San Francisco. Mtu wa tai na mkoba, kwa kifupi, si mhuni wa vijiweni.

Kilichomtoa huko ni hesabu. Mwaka 1962 Edward Thorp, mwalimu wa hisabati wa chuo kikuu, alitoa kitabu kilichoonyesha, baada ya kupiga mahesabu kwa kompyuta, kwamba mchezo wa ishirini na moja unaweza kumshinda mwenye kasino. Nieleze kidogo kwa wasiocheza. Mchezaji anataka jumla ya karata zake ikaribie 21 bila kuzidi. Karata zenye picha ni kumi kila moja, ree ni moja au kumi na moja. Zilizokwisha kuchezwa huwekwa kando, hazirudi mpaka karata zichangwe upya. Kwa hiyo zilizobaki zinategemea zilizotoka. Zikitoka ndogo nyingi, zilizobaki ni kubwa nyingi, na kubwa humfaa mchezaji, maana mgawaji analazimika kuongeza karata mpaka afike 17, naye huvuka 21 kwa urahisi. Tena mchezaji akipata ree na kumi kwa mpigo mmoja, kwa desturi hulipwa dau lake mara moja na nusu.

Njia iliyozoeleka ni hii: karata ya 2 hadi 6 ikitoka, ongeza moja, ya kumi au ree ikitoka, toa moja, ya 7, 8 na 9 ziache. Jumla ikipanda, ongeza dau. Ikishuka, weka kidogo. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kujumlisha hivyo. Taabu ni kufanya haraka, katikati ya kelele, mhudumu anakuletea vinywaji, na msimamizi amekukazia macho usoni.

Taabu nyingine ni kwamba anayepandisha na kushusha dau hujulikana upesi. Dawa yake Uston aliipata kwa Al Francesco, mcheza kamari wa California aliyekuwa ameunda kikosi. Watu wake walisambaa kwenye meza mbalimbali wakiweka dau dogo lisilobadilika na kuhesabu kimya kimya. Meza ikiiva, walimpa ishara mwenzao aliyekuwa akizurura kama tajiri mlevi. Huyo alikaa, akamwaga fedha nyingi, na meza ikipoa akaondoka. Uston aling'aa katika kazi hiyo ya utajiri wa kuigiza, na mwishowe akaiacha ile ya soko la hisa.

Hapa sharti nimseme. Mwaka 1977 alitoa kitabu, akishirikiana na mwandishi mmoja, akaeleza jinsi kikosi kilivyofanya kazi. Francesco aliona amesalitiwa. Mbinu ya watu wengi, iliyodumu kwa sababu ya kunyamaza, mmoja aliiweka madukani na jina lake juu ya jalada. Mwaka huo huo Uston alishirikiana na fundi Keith Taft kuingiza kasino kompyuta ndogo zilizofichwa mwilini, zikiendeshwa kwa vidole vya miguu ndani ya viatu. Mtu anayedai kwamba anatumia ubongo wake tu alijiharibia kesi kwa viatu vile, ingawa wakati huo sheria ilikuwa haijavikataza. Nevada ilipiga marufuku vifaa vya namna hiyo mwaka 1985.

Kuhesabu kichwani hakujawahi kuwa kosa la jinai Nevada. Lakini kasino za huko zilimfukuza, naye alipokwenda mahakamani alishindwa. Jibu alilolipata ni kwamba kasino ni mali ya mtu binafsi, na mwenye nyumba huchagua wageni wake. Akabaki kuvaa ndevu za bandia na nguo za vibarua ili apenye mlangoni.

New Jersey ilikuwa tofauti. Kasino ya kwanza ilifunguliwa Atlantic City mwaka 1978 chini ya sheria mpya iliyoweka tume ya serikali kusimamia kila kitu, hata namna ya kugawa karata. Alipofukuzwa na Resorts, Uston alishikilia kwamba kama kanuni za mchezo zinatungwa na tume, mwenye kasino hawezi kujitungia kanuni yake ya kuwaondoa wenye akili.

Tarehe 5 Mei 1982 Mahakama ya Juu ya New Jersey ilimpa ushindi. Ilisema kwamba ni tume peke yake yenye mamlaka ya kumzuia mtu kwa sababu ya mbinu anayochezea, na tume ilikuwa haijatunga kanuni halali ya namna hiyo. Ilikwenda mbali zaidi: mwenye mali akishafungua mlango kwa umma, hana haki ya kumfukuza mtu bila sababu ya maana. Mimi mwalimu nimeipenda hukumu hiyo. Mwanafunzi akipata jibu bila kutumia kidole wala karatasi hatumtoi darasani.

Kasino hazikubishana tena na mahakama. Zilibadilisha meza. Pakiti nane za karata zikawa jambo la kawaida Atlantic City, na mgawaji aliweza kuzichanga mapema, zikiwa hazijatumika nyingi. Piga hesabu uone. Katika pakiti moja ya karata 52, zikitoka ree nne hakuna iliyobaki. Katika pakiti nane, karata 416, zikitoka ree nne bado ziko 28, na anayehesabu hajaambulia habari yoyote ya kumtajirisha. Mlango ulikuwa wazi, ila ndani ya nyumba faida ilikuwa imepunguzwa.

Kasino za intaneti zimeumaliza mchezo huo kwa njia hiyo hiyo. Programu huchanga karata zote upya kila baada ya mchezo mmoja, hivyo hakuna cha kuhesabu. Panapokuwa na mgawaji wa kweli mbele ya kamera, sehemu kubwa ya karata huweza kuachwa bila kutumika. Anayeshinda kupita kiasi hutafutiwa kifungu katika masharti aliyoyakubali bila kuyasoma, na fedha yake inashikiliwa. Hapo swali la Uston linarudi: nani aamue, kampuni au mamlaka iliyoipa leseni? Uingereza huzitaka kampuni zenye leseni yake ziwe na msuluhishi wa nje wa kumsikiliza mteja. Aliyecheza kwenye kampuni isiyojulikana imesajiliwa wapi hana pa kwenda.

Uston mwenyewe aliendelea kuzunguka dunia na kuandika, hata kitabu cha kuwafundisha vijana mchezo wa video wa Pac-Man. Septemba 1987 alikutwa amekufa katika nyumba aliyopanga Paris, moyo ukiwa umesimama. Alikuwa na miaka 52. Kasino za Atlantic City hadi leo haziruhusiwi kumfukuza mtu kwa kuhesabu karata. Zinaweza kumpunguzia kiwango cha dau, na kuzichanga karata mbele ya macho yake.