Habari za John Snow, Daktari wa London

Katika mji wa York, nchi ya Uingereza, alizaliwa mtoto mwaka 1813, jina lake John Snow. Baba yake alikuwa kibarua, na nyumba yao ilikuwa katika mtaa wa maskini. John alikuwa wa kwanza katika watoto tisa. Alipopata umri wa miaka 14 aliwekwa kwa daktari mmoja wa Newcastle ili ajifunze kazi ya kutibu wagonjwa.

Mwishoni mwa mwaka 1831 ugonjwa wa kipindupindu ulifika Uingereza kwa mara ya kwanza. Snow, naye kijana wa miaka 18 tu, alitumwa kuwauguza wachimbaji wa makaa ya mawe. Aliona watu waliokuwa wazima asubuhi wakifa kabla ya jua kuchwa. Tena aliona kwamba watu wale walikula chakula chao chini shimoni pasipo kunawa mikono, wala hawakuwa na choo huko. Mambo hayo hakuyasahau.

Mwaka 1836 alikwenda London kuendelea na masomo, na mwaka 1844 alipata cheo cha daktari. Akawa bingwa wa dawa za usingizi, hata mwaka 1853 aliitwa kumpa Malkia Victoria klorofomu alipokuwa akijifungua. Angeweza kustarehe kwa heshima hiyo, lakini kipindupindu hakikumtoka moyoni.

Siku zile karibu madaktari wote waliamini kwamba kipindupindu huletwa na hewa mbaya itokayo katika uvundo. Snow hakukubali. Aliwaza hivi: ugonjwa huu huanza tumboni, si mapafuni, basi kiletacho ugonjwa humezwa, wala hakivutwi kwa pumzi. Uchafu wa wagonjwa huingia katika maji, na wanaokunywa maji hayo huambukizwa. Mwaka 1849 alitoa kitabu kidogo kueleza mawazo yake, lakini waliosadiki walikuwa wachache.

Hata mwisho wa Agosti mwaka 1854, kipindupindu kilizuka kwa nguvu katika mtaa wa Soho, karibu na nyumbani kwake. Katika muda wa siku kumi walikufa watu zaidi ya 500. Wenye uwezo walikimbia, nazo nyumba zikabaki tupu. Snow hakukimbia. Alichukua orodha ya waliokufa, akaenda nyumba kwa nyumba akiuliza walikuwa wakichota maji wapi. Akaona kwamba karibu wote walikaa jirani na bomba moja la kisima, katika njia iliyoitwa Broad Street.

Walakini yalikuwapo mambo yaliyoonekana kama fumbo. Karibu na bomba lile palikuwa na kiwanda cha pombe chenye wafanya kazi 70, wala hakufa hata mmoja. Snow alipouliza aliambiwa kwamba walikunywa pombe ya kiwandani, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Palikuwa pia na nyumba ya kutunzia maskini yenye watu 535, na waliokufa humo ni watano tu; nayo ilikuwa na kisima chake. Tena mjane mmoja alikufa kwa kipindupindu katika mtaa wa Hampstead, mbali sana, mahali pasipo na ugonjwa. Ikajulikana kwamba alipenda maji ya bomba la Broad Street, akaletewa kila siku kwa gari.

Tarehe 7 Septemba Snow alikwenda mbele ya baraza la mtaa, akawaonyesha aliyoyapata. Wazee wale hawakusadiki sana, lakini kesho yake waliamuru mkono wa bomba uondolewe. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kuanza kupungua, kwa kuwa watu wengi walikuwa wamehama. Snow mwenyewe alikiri jambo hilo, wala hakujisifu kupita kweli.

Kasisi mmoja wa mtaa ule, Henry Whitehead, alidhani Snow amekosea, akaanza kutafuta habari ili ampinge. Lakini kadiri alivyouliza, ndivyo alivyozidi kuona kwamba daktari amesema kweli. Yeye ndiye aliyegundua kwamba katika nyumba nambari 40, karibu kabisa na kisima, mtoto mchanga aliharisha kabla ya wengine kuugua, na maji ya kufulia nguo zake yalimwagwa katika shimo la uchafu la nyumba hiyo. Shimo lilipofukuliwa, matofali yake yalionekana yameoza, na uchafu ulikuwa ukipenya mpaka kisimani.

Snow alipeleleza pia kampuni mbili zilizouza maji kusini mwa London. Moja ilivuta maji ya mto Thames penye uchafu wa mji. Ya pili tangu mwaka 1852 ilivuta maji juu zaidi, kabla mto haujaingia mjini. Katika kila nyumba 10,000 za kampuni ya kwanza walikufa watu 315. Katika zile za kampuni ya pili walikufa 37.

Hata hivyo wakubwa wa serikali waliyakataa maneno yake. John Snow alifariki tarehe 16 Juni 1858, umri wake miaka 45, kabla ya kazi yake kukubaliwa. Baadaye London ilijengewa mifereji mikubwa ya kuondoa uchafu, na mwaka 1884 Robert Koch, daktari Mjerumani, alithibitisha kijidudu kiletacho kipindupindu. Ndipo ikajulikana kwamba Snow hakukosea.

Mtaa ule sasa huitwa Broadwick Street, na hapo limesimamishwa bomba lisilo na mkono, liwe ukumbusho wake. Kipindupindu hakijaisha duniani. Kila chombo cha maji kinachochemshwa, kila choo kinachochimbwa mbali na kisima, na kila mkono unaonawiwa kabla ya kula, ni kinga ile ile aliyoifundisha daktari huyu.