Maisha ya Al-Hasan bin Al-Haytham, Mwanachuoni wa Nuru

Abu Ali Al-Hasan bin Al-Haytham alizaliwa Basra, katika nchi ya Iraki, yapata mwaka 354 wa Hijra, nao ni mwaka 965 wa Miladi. Alisoma hesabu na elimu ya nyota, akawa mashuhuri.

Wenye tarehe wamesimulia ya kwamba Khalifa Al-Hakim wa Misri alipata habari kuwa yuko mtu awezaye kuutengeneza mto Nili, usiwadhuru watu kwa gharika wala kwa upungufu wa maji. Akamwita, naye akapanda mto pamoja na mafundi hata Janadil, kusini ya Aswan. Alipoyaona majengo ya watu wa kale alitambua kuwa, lau jambo lile lingaliwezekana kwa zana za zama zile, wao wangalilitangulia. Akarudi Kairo, akakiri kwa haya kuwa ameshindwa.

Khalifa akampa kazi ya serikali. Lakini Al-Hakim alikuwa mwepesi wa kumwaga damu. Basi Al-Hasan akajifanya mwenda wazimu, akafungiwa nyumbani hata Khalifa alipotoweka mwaka 411 (1021). Kisha akakaa karibu na msikiti wa Al-Azhar, akila jasho la mkono wake kwa kunakili vitabu.

Kitabu chake kikuu ni Kitab al-Manadhir, chenye sehemu 7. Euclid na Ptolemy walidai kuwa jicho hutoa miali. Yeye alibainisha kwa hoja na majaribio kuwa nuru ndiyo ijayo jichoni kutoka katika vitu.

Katika sehemu ya 7 alieleza kupinda kwa nuru. Msafiri wa njia ya Morogoro na Iringa, akichovya fimbo katika mto pale Ruaha Mbuyuni, maji yakiwa maangavu, huiona kama imevunjika. Fimbo i nzima. Nuru ndiyo iliyopinda ikitoka majini kuingia hewani. Vivyo hivyo kioo kilichotuna huipinda nuru, ikaingia jichoni kwa pembe pana zaidi, na kitu kikaonekana kikubwa, hali chenyewe hakikuongezeka. Ama mwezi uchomozapo, alisema ukubwa wake watokana na hukumu ya akili. Mwezi ni ule ule.

Yeye hakuunda darubini. Hiyo ilidhihiri Uholanzi mwaka 1608. Lakini kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini, kikapigwa chapa Basel mwaka 1572, na wataalamu wa Ulaya wakakisoma. Katika darubini, kioo cha mbele hukusanya nuru na kufanya sura ndogo, na kioo cha jichoni huikuza. Cha mbele kikikusanya nuru kwa umbali wa sentimita 100, na cha jichoni kwa sentimita 5, kitu huonekana kikubwa mara 20.

Alifariki Kairo yapata mwaka 430 (1040). Aliyewafundisha watu kuwa jicho laweza kukosea ndiye aliyekwisha kukiri kosa lake mwenyewe mbele ya mfalme wa kuogofya. Mwenyezi Mungu amrehemu.