Bibi Rufayda wa Aslam na Kazi ya Uuguzi

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim.

Ndugu zetu wa Taveta wayajua makaburi ya askari yaliyomo mjini mwao, na wajua kuwa mwezi wa Machi 1916 vilima vya Latema na Reata vilipiganiwa hata usiku. Lakini ni nani miongoni mwetu awezaye kumtaja mmoja tu katika waliokesha na majeruhi wa vita vile? Wauguzi husahauliwa upesi. Basi leo twaeleza khabari za mwuguzi ambaye vitabu vya sira havikumsahau.

Naye ni Bibi Rufayda, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, mwanamke wa kabila la Aslam. Ibn Saad ameyaandika mambo kama haya chini ya jina la Kuayba bint Saad, naye pia ni wa Aslam. Sisi hatuingii katika mjadala wa majina. Alikuwa na hema katika msikiti wa Mtume (s.a.w.) huko Madina, akitibu waliojeruhiwa, na nafsi yake ameitoa kwa kutaka thawabu, amtumikie kila Mwislamu asiye na mtu wa kumtazama.

Katika Vita vya Handaki, mwaka wa 5 wa Hijra (627), Saad bin Muadh, bwana wa Aus, alipigwa mshale ukamkata mshipa wa mkono. Mtume (s.a.w.) akaamuru alazwe katika hema ile, awe karibu naye, akawa akimpitia asubuhi na jioni kumwuliza hali. Na saa zote zilizo kati ya asubuhi na jioni, je, zilikuwa za nani? Zilikuwa za mwuguzi. Jeraha la mshipa halina saa ya kupumzika. Aliyepewa kulitunza hana budi kuwa papo hapo. Saad akatolewa kwenda kuhukumu jambo la Banu Quraydha, amepandishwa punda, kisha akarejeshwa hemani. Baadaye jeraha likapasuka, damu ikabubujika, akafa shahidi. Na mwuguzi yule, kwa riwaya ya Ibn Saad, akahudhuria Khaybar mwaka wa 7 (628). Kifo cha mgonjwa mmoja hakikumtoa kazini.

Wako watu wendao hospitali kumzuru mgonjwa, wakamwona mwuguzi ameinamia daftari, wakanung'unika kuwa amewaacha wagonjwa. Hawajui kuwa anaandika dawa iliyotolewa na saa yake, na joto la mwili, ili atakayeingia zamu ya usiku asimpe mtu dawa mara mbili. Akiinuka hapo huenda kumgeuza asiyeweza kujigeuza, asije akafanya vidonda vya mgongo; kisha kufunga jeraha, kisha kuitwa kitanda cha mwisho. Naye pengine ni mmoja kwa wadi nzima.

Na ajabu ni hii: wako wazee wa Kiislamu wawazuiao binti zao kusomea uuguzi, wakisema wanahifadhi haya. Hema ya Bibi Rufayda ilikuwa msikitini, mbele ya macho ya Mtume (s.a.w.), na majeruhi wake walikuwa wanaume. Wazee hao hao, mke akilazwa kwa uzazi, hutaka ahudumiwe na mwanamke Mwislamu. Atatoka nyumba ya nani?