Cecil Majaliwa: Aliyeuzwa Akarudi Kuwa Mchungaji

Soma Filemoni 1:8–21, Wakolosai 4:7–9, 1 Wakorintho 7:21–23.

Wengi husoma Waraka kwa Filemoni wakimtazama bwana peke yake: je, atapokea au atakataa? Lakini Onesimo naye alikuwa na safari. Ilimpasa kurudi kwa miguu yake hadi mlangoni pa mtu aliyemmiliki.

Paulo hakuandika kwamba utumwa umekwisha. Katika makanisa ya siku zile bwana na mtumwa walishiriki meza moja, na karne nyingi baadaye wenye watumwa walijificha nyuma ya mafungu hayo hayo. Hata hivyo, alichomtaka Filemoni kilikuwa kizito: ampokee Onesimo kama ndugu, katika mwili na katika Bwana. Ndugu haingii sokoni. Gregori wa Nisa, katika karne ya nne, alilisema jambo hilo waziwazi, wengi walinyamaza.

Cecil Majaliwa aliijua safari ya namna hiyo. Alikuwa Myao, akauzwa angali mtoto, akafika Unguja akiwa mtumwa. Alipopata uhuru, alilelewa na Misheni ya Vyuo Vikuu ya Waanglikana, ile iliyojenga kanisa Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873. Alimwoa Lucy Magombeani, naye pia aliyewahi kuwa mtumwa. Akapelekwa Canterbury, Uingereza, kusoma.

Mwaka 1886 aliwekwa kuwa shemasi. Angeweza kubaki Unguja, penye shule na marafiki. Badala yake alikwenda Chitangali, kusini kabisa, upande wa mto Ruvuma, mbali sana na Usukuma. Huko aliwahubiri Wayao, watu wa lugha ya mama yake. Tena Wayao walikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa wa watumwa waliopeleka misafara Kilwa. Basi mbele yake waliketi ndugu zake wa damu, na pengine hapo hapo waliketi watu waliofaidika na biashara iliyomtoa kwao.

Darasani jadilini: ni nani aliyekuwa na mzigo mzito zaidi, Filemoni aliyeombwa kupokea, au Onesimo aliyeombwa kurudi?

Majaliwa alikaa Chitangali takriban miaka kumi na mmoja. Nakaam, mtawala wa hapo, alibatizwa akaitwa Barnaba. Kazi iliendeshwa na Mwafrika, bila Mzungu kukaa naye kijijini, jambo ambalo wamisionari wengi wa wakati huo hawakulidhania.

Mwaka 1890 aliitwa Unguja, akawekwa wakfu kuwa kasisi wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo. Siku ile sheria ya Unguja ilikuwa bado inautambua utumwa. Iliacha kuutambua mwaka 1897. Kwa miaka saba, kasisi aliyewahi kuuzwa aligawa mkate na divai, huku kisiwani watu wakiendelea kumilikiwa kihalali.