François Viète, avoka aliyetia herufi katika hesabu

Profesa akiandika 3a² kwa tablo na kusema a ni -2, wengi wetu tunajiuliza: sasa hii herufi inatafuta nini katika hesabu? Tuwaeleze basi habari za mtu aliyeiingiza kwa mpango.

François Viète alizaliwa mwaka 1540 huko Fontenay-le-Comte, Ufaransa. Hesabu haikuwa hata kazi yake! Alisoma sheria kule Poitiers, akawa avoka. Mwaka 1564 akaanza kutumikia jamaa moja kubwa ya Waprotestanti, akamfundisha binti yao, Catherine de Parthenay. Wakati ule Wafaransa walikuwa wanauana juu ya dini. Kisha Viète akaingia kazi ya mfalme, lakini mwisho wa 1584 adui zake wakamwondolesha. Miaka zaidi ya mine alikaa mbali na kazi ile. Mwingine angelalamika tu; yeye akashika kalamu.

Mbele yake, vitabu vilionyesha kanuni kwa mifano ya namba. Ukiletewa namba zingine, unaanza tena toka mwanzo. Viète akaandika hata namba zinazojulikana kwa herufi: konsonanti kwa zile tulizo nazo, vokali kwa zile tunazotafuta. Hivi kanuni inaandikwa mara moja, na kila mtu anatia namba zake mwenyewe. Kitabu chake kilitoka Tours mwaka 1591.

Mfalme alikuwa amemwita tena mwaka 1589, kwani kulikuwa na vita. Viète akafumbua barua za siri za Wahispania, ambamo alama zilikaa mahali pa maneno. Kweli, kazi hizi mbili ni ndugu!

Alikufa Paris mwaka 1603. Yeye hakuandika kama sisi: kwa mraba alitumia neno. Ile x yetu, na namba ndogo juu yake, ni za Descartes, 1637.

Turudi kwa tablo. Katika zoezi letu wengine walipata -12, wengine 36. Herufi ikitoka, namba inaingia pamoja na alama yake, ndani ya mabano: 3 × (-2)². Ile 2 ndogo inashika a peke yake, haigusi 3. Basi ni 3 × 4, ndiyo 12.