Mgeni Aliyekunywa Maji ya Mto Tana

Jumapili iliyopita mgeni alikaa benchi la nyuma, akatoka bila kusalimiwa. Hata mimi nilipitwa. Nilisomea biashara, nikajua kuhesabu watu. Kuwapokea ni jambo lingine.

Nikamkumbuka Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani. Alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 wazee wa Rabai walimpokea. Mwaka 1849 Kivoi, mkubwa wa Wakamba kule Kitui, alimkaribisha kwake. Mwaka 1851 wakielekea Tana, mto huuhuu wetu wa Garsen, walivamiwa na Kivoi akauawa. Krapf akatoroka peke yake, kiu imemkaba, akafika mtoni na kuchota maji kwa mtutu wa bunduki. Alifariki 1881, kamusi yake ya Kiswahili ikatoka 1882.

Wapendwa, waliompokea hawakuwa Wakristo. Je, sisi tuliookoka? Jumapili hii, awe Mpokomo, Muorma au mtu wa bara, usimwachie mashemasi. Msogelee, uliza jina lake, mkae pamoja. Nitaanza mimi.